Nyumba Juu ya Fuso: Siku Tisa kutoka Mafinga hadi Muhoro

Siku ya 1, Jumatatu: Mafinga

Mwezi wa kumi baridi ya huku inaelekea kuisha, lakini saa kumi na moja alfajiri bado mtu anavaa koti na kofia ya sufu ndipo ashike mbao. Tumepakia paneli 27 kwa saa mbili na nusu. Zimesimama kwa ubavu, zimebanana kama vitabu kwenye rafu. Juu yake kuna kenchi zilizokatwa nusu nusu, pembeni boriti za sakafu, papi na bati. Nyumba nzima ya mwalimu, vyumba viwili, meta 6 kwa meta 7.2, imeenea kwenye Fuso moja, na bado saidia fundi wawili wamepata pa kukaa.

Safari hii niliiomba mwenyewe. Karakana yetu imeshatengeneza nyumba kadhaa za namna hii, lakini desturi yetu ni kuzikabidhi getini. Lori likiondoka, sisi tunarudi kwenye randa. Yanayotokea huko mbele tunayasikia kwa simu, na simu nyingi ni za malalamiko. Mlango haufungi, mvua inaingia, joto halivumiliki. Nikasema hii nitaisindikiza, nitaifunga kwa mikono yangu, na kila jioni nitaandika nilichokiona. Inakwenda Rufiji, kijiji kimoja upande wa Muhoro, kusini ya mto. Mwalimu wa darasa la pili wa huko, tangu mafuriko ya Aprili 2024, amepanga chumba Ikwiriri na kila alfajiri anavuka daraja kwa bodaboda kwenda kufundisha. Waliochanga fedha ni wana wa kijiji hicho wanaofanya kazi Dar.

Kwa asiyeijua kazi hii: badala ya kuinua ukuta saiti, tofali juu ya tofali, sisi tunatengeneza vipande karakanani, vyote vya kipimo kimoja, upana meta 1.2 na urefu meta 2.4. Kila ubavu wa kipande una matundu matatu. Matundu hayo hayapimwi kwa futikamba kila mara, maana mkono wa binadamu huchoka. Yanatobolewa kwa kufuata kigezo, ubao mmoja wa mninga niliouchonga miaka minne iliyopita, ambao tangu siku hiyo haujabadilishwa. Kwa hiyo paneli yoyote inaungana na nyingine yoyote kwa boliti tatu za milimita 12 na spana namba 19. Kipande kikioza, unafungua kimoja tu na kuweka kingine. Nyumba ikitakiwa kuhama, inahama.

Mbao ni msindano wa Sao Hill. Shamba hilo lilianza kwa majaribio mwaka 1939, na leo eneo lake linapita hekta 130,000, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Mti wa msindano unavunwa ukiwa na miaka kama 18 hadi 25, mwingine unapandwa mahali pake. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani. Ukiijengea nyumba inayodumu, kaboni hiyo inabaki imefungwa ukutani. Nyumba ikioza baada ya miaka mitano, inarudi hewani. Ndiyo sababu mimi suala la kuoza kwa mbao nalichukulia kwa uzito kuliko suala la bei.

Nimepima unyevu kabla ya kufunga turubai. Kipimo kimesoma asilimia 12, mbao zimekauka vizuri tanurini. Nimelala na moyo mweupe.

Siku ya 2, Jumanne: Iringa, Kitonga, Ruaha Mbuyuni

Dereva ni mtu wa Makambako, mpole, haendeshi kwa sifa. Kwenye mizani ya Wenda hatukukaa. Mzigo wetu wote ni tani tatu na kidogo. Kuta za nyumba hii zingejengwa kwa matofali ya saruji, kuta peke yake zingepita tani 15. Jambo hili linasahauliwa sana watu wanapozungumza habari ya ujenzi rafiki kwa mazingira, kwamba kila tani inayopanda lori inakunywa dizeli kwa kila kilometa, na nchi yetu ni pana.

Kutoka Iringa kuteremka Ilula wanawake walikuwa wamepanga nyanya kwenye ndoo kando ya barabara, na nyuma ya mashamba yao matanuru ya matofali yanafuka. Nilikulia kwenye nyumba ya tofali za kuchoma. Nakumbuka marehemu baba alivyochoma tanuru letu siku tatu mfululizo, mchana na usiku, na magogo tuliyoyakokota kutoka kilima kilichokuwa na miti na sasa hakina. Nyumba ile imesimama hadi leo na sina ubaya nayo. Lakini kilima nacho nakikumbuka.

Mteremko wa Kitonga tuliufikia saa saba mchana. Kwa msafiri wa basi ni kona na mandhari tu, kwa mwenye mzigo uliosimama kwa ubavu ni jambo lingine. Lori la mafuta lilikuwa limeharibika kwenye kona ya juu, tukasubiri saa nzima na dakika. Tulipoanza kuteremka dereva aliniambia, "Dada, hapa breki si ya kuitegemea, tegemea gia." Aliweka gia ndogo tangu juu na hakuibadilisha hadi chini. Kila kona nilisikia paneli zikilia dhidi ya kamba, sauti ya mbao kusuguana na mbao, na mimi ninazijua sauti za mbao. Hii haikuwa ya kuvunjika. Ilikuwa ya kusogea.

Ruaha Mbuyuni tumelala. Joto limetupokea ghafla, mibuyu pande zote, vitunguu vimejaa kwenye mifuko mirefu. Nimekagua mzigo kwa tochi: paneli mbili zimesogea, hakuna iliyopasuka. Nimepigilia vipande vya mbao katikati yake zisicheze tena.

Siku ya 3, Jumatano: Mikumi hadi Mbagala

Siku ya kuendesha tu. Swala na nyani Mikumi, foleni Morogoro, magari ya kokoto kutoka Lugoba yakiingia barabara kuu Chalinze mmoja nyuma ya mwingine. Kokoto hizo huenda mbali, maana ukanda wa Rufiji ni mchanga na mfinyanzi, mawe magumu ni shida. Mtu anayejenga kwa zege kule ananunua jiwe na ananunua barabara pia. Tumeingia Mbagala usiku.

Siku ya 4, Alhamisi: Dar es Salaam

Lori limepumzika Mbagala, mimi nimepanda daladala kutafuta boliti za akiba na washa za mpira.

Njiani nimehesabu makontena yaliyogeuzwa kuwa maduka mpaka nikaacha kuhesabu. Duka la vipodozi, wakala wa fedha, mama lishe, kituo cha polisi jamii. Kaka mmoja muuza vifaa vya simu ameniruhusu niingie ndani ya lake saa nane mchana. Feni mbili zilikuwa zinazunguka, na bado shati lake lilikuwa limeshikana na mgongo. Naelewa kwa nini watu wanayapenda: linakuja limekamilika, lina kufuli, mwizi halitoboi. Lakini kontena tupu la futi 20 ni zaidi ya tani mbili za chuma, na ndani yake unapata chumba cha meta za mraba kama 14. Lori linalolibeba kwenda kijijini linabeba hewa. Sisi kwenye Fuso moja tuna meta za mraba 43 zilizokunjwa. Mtu akiniuliza nyumba ya vipande kwa nchi zetu iwe ya namna gani, jambo la kwanza nitamwambia ni hilo: ije imekunjwa, isije imesimama.

Nimefika pia Mwenge, kwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, kuangalia matofali ya kufungamana. Haya nayo ni ujenzi wa vipande, ila vipande vidogo. Udongo unachekechwa, unachanganywa na saruji kidogo, unashindiliwa kwenye mashine ya mkono, kisha tofali linafunikwa na kumwagiliwa maji siku kadhaa badala ya kuchomwa. Juu lina ulimi, chini lina shimo, linakaa juu ya mwenzake bila udongo wa kuunganishia. Hakuna gogo linaloingia tanurini, na saruji inayohitajika ni kidogo. Hilo si dogo, kwa sababu saruji peke yake inakadiriwa kutoa takriban asilimia 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Choo na jiko la mwalimu nimeshauri vijengwe kwa matofali haya, kwa udongo wa pale pale kijijini, mradi uwe na mchanga wa kutosha. Mfinyanzi mtupu unapasuka.

Vijana wa karakana walinitumia kwenye simu picha ya jengo la mbao la ghorofa 28 lililotangazwa mwaka 2022 kwa ajili ya Fumba, Zanzibar. Walifurahi sana. Nami nimefurahi, lakini nilipokuwa nimekaa kwenye daladala na mfuko wa boliti mapajani, akili yangu ilikuwa kwenye choo cha mwalimu.

Siku ya 5, Ijumaa: Mkuranga, Kibiti, Mto Rufiji

Mvua. Ya vuli, ya kwanza, na imetukuta Mkuranga. Turubai letu lilikuwa na tundu pembeni ambalo wote tulikuwa tumeliona Mafinga na hakuna aliyelishona. Mimi ndiye msimamizi, kwa hiyo kosa ni langu. Tulipofika Kibiti maji yalikuwa yameingia kwenye safu ya nyuma, paneli kama tisa.

Baada ya Ikwiriri tumevuka Daraja la Mkapa. Lilifunguliwa mwaka 2003, lina meta 970, na kabla yake watu wa kusini walikuwa wakingoja pantoni, mara nyingine siku kadhaa. Mto ulikuwa chini, wa rangi ya chai ya maziwa, na kingo zake za kijani kibichi. Huwezi kuamini kwamba ndio uliofunika vijiji Aprili 2024, wala kwamba mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kilikata barabara hii hii kule mbele Somanga na magari yakalala njiani siku kadhaa.

Tulifika watu wanatoka swala ya Ijumaa. Wanaume waliokuwa bado na kanzu na kofia walizikunja na kuja kushusha. Wawili wawili walibeba paneli bila kupumzika njiani, na kabla ya alasiri Fuso lilikuwa tupu. Sijawahi kuona lori likishushwa kwa adabu namna ile. Hakuna paneli iliyotupwa chini.

Nguzo za zege walikwisha kuzimwaga mwezi uliopita, 20, zimetokea juu ya ardhi sentimeta 90, kila moja na kofia ya bati ili mchwa asipande kwa siri. Zege lote lililotumika halifiki meta mbili za ujazo. Nimepita na pima maji. Nguzo mbili zimezidi kidogo, tutazitoa kwa patasi.

Siku ya 6, Jumamosi: Paneli zimegoma

Asubuhi tumefunga boriti na sakafu, kazi imekwenda kama wimbo. Saa tano tukasimamisha paneli mbili za kwanza za ukuta wa nyuma, nikaingiza boliti ya chini, ikapita. Ya kati ikapita. Ya juu ikakataa.

Nikapima. Paneli zile za safu ya nyuma zilikuwa zimevimba. Kipimo cha unyevu kilisoma asilimia 19, na hata zile ambazo hazikunyeshewa zilikuwa zimepanda hadi 15 kwa hewa tu ya huku. Mbao za nje, ambazo tumezipigilia wima zikiwa zimebanana ulimi kwa mfereji, zilikuwa zimetanuka na kutokeza nje ya fremu, milimita nne mahali pengine, tano mahali pengine. Fremu zenyewe zilikuwa sawa. Ngozi ndiyo iliyozidi mwili.

Nisiwafiche, nilikaa chini kwenye sakafu. Mafinga mbao ikikauka tunaibana kwa nguvu zote, tunaona fahari isipoonyesha mwanya hata wa wembe. Lakini Mafinga hakuna hewa ya Rufiji. Mbao ilipokuja kunywa unyevu haikuwa na pa kwenda. Miaka minne ya simu za "mlango haufungi" ilinijibika pale pale, bila mtu kunieleza.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mwembe tangu asubuhi akitutazama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza, "Mwanangu, mbao zimekunywa?" Ni fundi wa mitumbwi na mashua, amefanya kazi hiyo tangu ujana wake, huku na kule Kilwa. Akamtuma mjukuu wake alete tezo, shoka la kuchongea mbao.

Nimetumia umeme na mashine maisha yangu yote ya kazi, na sijaona chombo kikifanya kazi kwa usafi ule. Alilaza paneli juu ya magogo mawili, akavua kandambili, akaweka dole gumba la mguu kwenye ukingo wa fremu, na tezo likaanza kushuka mbele ya kidole hicho, kwa pigo fupi fupi, huku akinyanyua maganda membamba kama karatasi ya kitunguu. Hakupima. Alipapasa kwa kiganja, akapiga tena mara mbili, akasema, "Lete." Tukasimamisha. Boliti ya juu ikaingia kwa kusukumwa na kidole.

Paneli tisa amezimaliza kabla ya magharibi. Zilizobaki amenionyesha namna ya kufanya: chukua ubao mmoja katikati ya kila paneli, ung'oe, upunguze ulimi, uurudishe ukiwa na mwanya wa upana wa mbegu ya mpunga. "Chombo lazima kipumue," alisema. Nimeandika kwenye daftari la vipimo la karakana kwa wino mwekundu: za Pwani, mwanya.

Siku ya 7, Jumapili: Kalafati

Paneli zimesimama zote, 22 za nje na tano za ndani. Kuanzia saa mbili hadi saa tisa, watu sita, spana mbili.

Ikaja shida ya viungo. Kati ya paneli na paneli karakana yetu inaweka gundi ya mpira kutoka kwenye kopo, ya dukani, ya kuagizwa nje ya nchi. Makopo niliyokuja nayo yalitosha nusu. Kopo jingine la karibu liko Dar. Nikamuuliza mzee kwa kubahatisha, naye akanitazama kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo tangu jana.

Kalafati. Pamba inasokotwa kuwa uzi mnene, inalowekwa mafuta ya nazi, inashindiliwa kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Mashua ya pwani hii haiingizi maji kwa sababu hiyo, na imekuwa hivyo kwa karne nyingi. Tulikaa mimi, mjukuu wake na vijana wawili, tukasokota pamba mpaka vidole vikateleza kwa mafuta. Mzee alikuwa anagonga na kusikiliza. Sauti ikiwa nzito anasogea mbele, ikiwa nyepesi anaongeza pamba. Nilijaribu mwenyewe. Mara ya kwanza nilishindilia mno na mwanya ukafunguka upande wa pili, akanirekebisha mkono. Jioni tulimwaga ndoo nne za maji kwenye ukuta wa magharibi, ndani nikapitisha kiganja kwenye kila kiungo. Kukavu, kiungo cha gundi na kiungo cha kalafati vilevile.

Tofauti yake nimeiona nikiwa nimekaa nikinywa chai. Gundi ikipasuka mwakani, mwalimu atanipigia simu nami nitakuwa kilometa mia kadhaa. Pamba ikilegea, atamwita mzee, au mjukuu wake. Sisi wa Mafinga tumekuwa tukijisifu kwamba nyumba yetu inafungwa na spana moja, na ni kweli, lakini tulikuwa tumesahau kuuliza ni kiungo gani mtu wa pale anaweza kukirekebisha bila kutuomba ruhusa.

Usiku mzee ametusimulia habari za dungu. Bondeni, wakati wa mpunga, watu wa Rufiji wanajenga vibanda juu ya nguzo ndefu, wanakaa humo kulinda ndege na nguruwe, na mto ukijaa maji yanapita chini yao. Nguzo, ngazi, sakafu ya fito, paa. Msimu ukiisha wanafungua kamba na kuchukua kinachofaa. Mwaka 1968, baada ya mafuriko makubwa, serikali ilianza kuwahamisha kutoka bondeni kuwapeleka vijiji vya juu, ile Operesheni Rufiji, na mzee alikuwa kijana. Anasema walihama na milango. Mlango wa mkongo wa baba yake ulifunguliwa, ukabebwa kichwani, ukafungwa kwenye nyumba mpya. Na upo hadi leo, nimeushika kwa mkono. Nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, ya vipande, inayofunguka na kuhama: nilidhani ndiyo niliyokuja kuwaletea.

Siku ya 8, Jumatatu: Paa, baraza, na vipande vya kijani

Kenchi saba na bati zimekwisha saa sita. Chini ya bati tumeacha mwanya wa sentimeta 20 kuzunguka nyumba yote, tukauziba kwa wavu wa mbu, ili hewa ya moto itoke. Saa nane mchana ndani kulikuwa na joto la kawaida la kivuli. Nilimkumbuka kaka wa kontena.

Wakati tunaokota misumari, walikuja kina mama watano pamoja na mwalimu mwenyewe. Wakazunguka nyumba, wakapanda ngazi, wakaingia, wakatoka. Mama aliye mkubwa wao akauliza, "Baraza iko wapi?"

Nikasema mchoro hauna baraza. Yakafuata maneno, ya heshima lakini hayakuwa mafupi. Mwalimu atakaa wapi jioni? Wazazi wakija kuuliza habari za mtoto, watakaribishwa chumbani? Mgonjwa atapunga wapi upepo? Mkeka utasukwa wapi? Mama yule akamaliza: "Mwanangu, nyumba bila baraza ni ghala." Alikuwa na haki kabisa. Mchoro ulichorwa na watu wa nyanda za juu, ambako baridi inawafukuza watu ndani, na uliidhinishwa na wachangaji wa Dar ambao wamekaa kwenye vyumba vya kupanga hadi wakazoea.

Hatukuwa na paneli ya ziada, ila boriti mbili na mabaki ya papi. Kijiji kikatoa nguzo sita za mikoko zilizokuwa zimekaa kwa mtu, makuti kutoka kila nyumba, na kabla ya isha mbele ya nyumba kulikuwa na baraza ya meta 1.8, sakafu yake imefungwa kwa boliti zile zile kwenye boriti za nyumba. Makuti yamefunika pia ukingo wa bati, na chini yake kuna ubaridi wa kweli. Kwenye daftari nimeandika tena kwa wino mwekundu: mchoro wa Pwani, baraza kwanza.

Jambo moja la siku hii limenitisha. Watoto walikuwa wanaokota vipande vya mbao kwa ajili ya kuni, kama watoto wote wafanyavyo saiti, na nikamwona binti wa miaka kama saba amebeba kichwani vipande vya boriti vya rangi ya kijani. Boriti za chini tunazitia dawa ya kuzuia mchwa, na dawa hiyo ina shaba, kromiamu na arseniki. Ukutani au chini ya sakafu haina shida ukinawa mikono. Ukiichoma, moshi wake ni sumu na majivu yake ni sumu. Nilikimbia. Nikamtua mzigo, nikapita nyumba nne za jirani nikiomba kila kipande cha kijani kirudishwe, na jioni mwenyekiti wa kitongoji akatangaza msikitini. Vimetimia gunia moja. Huko Mafinga hatuandiki onyo lolote kwenye boriti, na tunajiita watu wa mazingira. Kuanzia mzigo ujao kila boriti itakuwa na alama ya moto ya jiko lililokatwa mstari, ambayo hata asiyesoma ataielewa.

Siku ya 9, Jumanne: Kuondoka

Mwalimu amehamia jana usiku bila kungoja sherehe. Asubuhi nimemkuta barazani amekaa kwenye mkeka, madaftari ya watoto mapajani, anasahihisha. Bodaboda aliyekuwa akimleta kila siku kutoka Ikwiriri alikuja kumsalimia, akapanda ngazi, akabisha ukuta kwa kifundo cha kidole kusikia unavyolia.

Gunia la vipande vya kijani liko nyuma ya Fuso, linarudi Mafinga. Pamoja nalo ziko nazi arobaini ambazo sikuweza kuzikataa.

Nilipokuwa nafunga turubai, safari hii likiwa limeshonwa, mzee alikuja na ufito mrefu wa mwanzi. Akaniomba nimsimamishie paneli moja, ile ya ukuta wa ndani tuliyoifungua kurekebisha mlango. Akaweka ufito juu yake, akakata alama kwa kisu kwenye upana, nyingine kwenye urefu. Kisha akauliza habari ya matundu, yako umbali gani kutoka chini, na moja hadi jingine. Nikaanza kumtajia sentimeta, akatikisa kichwa.

Nilirudi ndani ya lori, nikatoa kigezo cha mninga kwenye kisanduku cha vifaa. Tulikipaka masizi kwenye matundu, akakilaza juu ya ufito na kukandamiza. Alama tatu nyeusi zikatokea. Akazitia kisu, moja, mbili, tatu, akapuliza vumbi, akamwita mjukuu wake aje azihesabu.

Dereva akapiga honi. Nilipogeuka kuangalia kwenye kona ya mwembe, mtoto alikuwa ameushika ufito kwa mikono miwili, mzee ameinama upande wa pili, wanaupima kwenye mlango wa nyumba ya mzee mwenyewe.